Macho ya Marehemu, Nuru ya Walio Hai

Mwezi wa Novemba Mama Kanisa huwaita watoto wake makaburini. Jamaa nzima hutoka na majembe na mafagio, wakang'oa magugu, wakapaka misalaba chokaa, wakawasha mishumaa na kusali rozari kwa ajili ya roho za toharani. Desturi hii ni njema, nasi twaisifu. Kuzika wafu ni moja ya matendo ya huruma, na mwili wa Mkristu, uliooshwa kwa Ubatizo na kulishwa Ekaristi Takatifu, si kitu cha kutupwa. Lakini katika mwezi huu wa marehemu twataka kuwawekea wasomaji wetu swali ambalo jamaa nyingi hazijaliuliza. Je, aliyekufa aweza kumpa aliye hai nuru ya macho yake, na bado akazikwa kwa heshima? Tena, ikiwa aweza, yatupasa tuseme nini nyumbani mwetu kabla ya saa hiyo kufika?

Katika Maandiko Matakatifu twasoma habari za Tobiti, mtu wa kabila la Naftali aliyekaa uhamishoni Ninawi. Huyu aliwazika ndugu zake waliouawa, ijapokuwa kwa kufanya hivyo alihatarisha mali yake na uhai wake. Usiku mmoja, baada ya kuzika maiti, alilala uani kando ya ukuta. Kinyesi cha ndege kikamwangukia machoni, vikatokea vidoa vyeupe, na waganga wakashindwa kumponya. Akawa kipofu miaka minne. Mwishowe mwanawe Tobia, kwa kufundishwa na Malaika Rafaeli, alimtia nyongo ya samaki, na ule utando mweupe ukabanduka katika pembe za macho. Basi, kitabu kimoja kitakatifu kimeunganisha mambo mawili: heshima kwa maiti na kufumbuliwa kwa macho ya kipofu. Mtu yule yule aliyewaheshimu wafu ndiye aliyerudishiwa nuru. Nani atatuambia kwamba mambo haya mawili yanapingana?

Ugonjwa wa Tobiti haujaisha duniani. Mbele ya kila jicho Mwenyezi Mungu ameweka kioo chembamba, ambacho madaktari hukiita konea. Unene wake katikati hupata nusu ya milimita tu, na upana wake milimita 11 au 12. Hakina mishipa ya damu ndani yake, na kwa sababu hiyo ni cheupe na safi kama maji ya chemchemi. Kioo hiki kikipata kidonda na kidonda kikaacha kovu, nuru haipiti tena, ijapokuwa jicho lote la nyuma ni zima. Wako walioharibiwa kioo na trakoma. Wako watoto waliougua surua huku miili yao imekosa vitamini A. Wako waliotiwa machoni dawa za majani na mtu asiyejua. Wako vijana ambao kioo chao huchongoka mbele kidogo kidogo hata miwani isiwasaidie. Wasomaji wasichanganye ugonjwa huu na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hukaa ndani, nyuma ya mboni, na daktari humwondoa akaweka lenzi iliyotengenezwa kiwandani. Lakini kioo cha mbele kikiisha kuharibika kabisa, dawa iliyo njema kupita nyingine zote ni kioo cha binadamu mwingine.

Tena wako walioumizwa kazini. Tutazame Fumba, rasi iliyo kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Ardhi yake ni mawe ya matumbawe. Mkulima hutafuta udongo kati ya mawe, mvuvi hutoka kwenda ghuba ya Menai, na siku hizi nyumba mpya zinainuka huko kwa wingi, zikiwaita mafundi na vibarua, na miongoni mwao wamo Wakristu waliovuka bahari kutoka bara kutafuta riziki. Katika Unguja mawe ya namna hiyo, yakichomwa tanuuni, hutoa chokaa, na kwa chokaa wazee walijenga Mji Mkongwe. Chokaa hujenga nyumba; lakini ikimrukia mtu jichoni hula kioo kama moto ulavyo majani makavu. Kwa hiyo twamwambia kila fundi na kila mama wa nyumba: chokaa au saruji ikiingia jichoni, usingoje gari wala usitafute dawa. Ondoa chembe zilizobaki, fumbua kope, mimina maji safi mengi kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha nenda hospitali upesi. Maji ya dakika ya kwanza huokoa kuliko daktari wa siku ya pili.

Ni ajabu ya Maongozi ya Mungu kwamba mtu wa kwanza aliyeponywa kwa kupandikizwa kioo cha jicho cha binadamu alikuwa kibarua aliyepofushwa na chokaa. Jina lake Alois Glogar. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc ulio leo katika Jamhuri ya Cheki, daktari Eduard Zirm alimpandikizia kioo kilichotoka kwa mtoto wa kiume wa miaka 11, ambaye jicho lake lilikuwa limeumia vibaya hata halikuweza kuokolewa. Jicho moja la Glogar halikufaulu, lakini la pili lilibaki safi, naye akarudi kufanya kazi yake. Baadaye, katika miaka ya 1930, daktari Vladimir Filatov wa Odessa alionyesha kwamba vioo vya watu waliokwisha kufa vyafaa pia kwa kazi hiyo. Na mwaka 1944 benki ya macho ya kwanza ikafunguliwa New York.

Sasa wengi watauliza: Kazi yenyewe hufanywaje? Twaona yafaa kuieleza kwa utaratibu, maana hofu nyingi huzaliwa gizani.

Kwanza kabisa ni idhini. Hakuna mkono unaogusa jicho la marehemu mpaka ijulikane kwamba yeye mwenyewe alipenda hivyo, au jamaa zake wamekubali. Kisha huanza mbio za saa. Kioo cha jicho hakifi pamoja na moyo. Chembe zake hai hudumu kwa muda, lakini si muda mrefu. Kwa kawaida yafaa kiondolewe kabla ya saa 12 kupita, au zaidi kidogo kama maiti imewekwa mahali pa baridi. Wakati wa kungoja, kope hufumbwa, kichwa huinuliwa kwa mto, na barafu iliyofungwa kitambaani huwekwa juu ya macho.

Mtaalamu hufika, huosha mikono yake, husafisha uso wa marehemu kwa dawa ya kuua vijidudu, na kwa vyombo vidogo huondoa kile kioo pamoja na ukingo mwembamba wa weupe wa jicho. Hukata kwa uangalifu kama asongaye uzi wa kitani, asije akakikunja. Akiisha, hutengeneza jicho na kulifumba, na waombolezaji wanapomwaga ndugu yao hawaoni kasoro usoni pake. Damu kidogo ya marehemu huchukuliwa ili ipimwe UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Na jamaa huulizwa marehemu aliugua nini, kwa sababu magonjwa mengine, kama kichaa cha mbwa, yaweza kupita katika kioo na kumwua aliyepewa.

Kioo hutiwa katika chupa yenye maji maalumu ya kukilisha na kukilinda. Katika njia moja chupa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa kamwe, na kioo huweza kudumu hata siku 14. Katika njia nyingine, itumiwayo sana Ulaya, huwekwa kwenye joto la nyuzi 31 hadi 37, kikadumu kama majuma manne. Kisha mtaalamu hukitazama kwa hadubini na kuhesabu chembe za utando wa ndani. Chembe hizi ndizo zisukumazo maji yasijae katika kioo na kukitia ukungu. Tena zikifa hazizaliwi nyingine. Benki nyingi za macho hudai zisipungue 2,000 katika kila milimita moja ya mraba. Kioo kisichotosha hakipewi mgonjwa wa kuona.

Kwa mgonjwa mwenyewe, daktari huondoa sehemu ya duara ya kioo kilichoharibika, ya upana wa milimita 7 au 8, akaweka nyingine mahali pake na kuishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Siku hizi, ikiwa mgonjwa ameharibika utando wa ndani tu, huweza kupewa utando huo peke yake, ambao unene wake haufiki sehemu ya hamsini ya milimita moja. Baada ya hapo mgonjwa hutia dawa ya matone kwa miezi mingi, na pengine miaka, mwili usije ukakikataa kile kilichoingia. Naye hana budi kumrudia daktari kila aitwapo. Zawadi ya namna hii yataka mtunzaji mwaminifu.

Wapenzi wasomaji, tumewaza maneno haya yote kwa sababu moja. Vioo havitoshi. Wataalamu waliochunguza jambo hili duniani kote, na kutangaza hesabu yao mwaka 2016, walikuta kwamba kwa kila kioo 1 kinachopatikana, wahitaji ni 70. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, vioo vingi vilivyotumika vimeletwa kwa ndege kutoka ng'ambo. Maana yake ni hii: mahali fulani mbali, mama mmoja ambaye hatutajua jina lake alimlilia mumewe au mtoto wake, na katika kilio kile kile akasema, ndiyo, mpeni mtu mwingine, na leo mtu wetu anasoma Misale kwa jicho lile. Twapokea macho ya wafu wa wengine. Je, ni haki tuendelee kupokea, huku wafu wetu sisi tukiwafunga mkono?

Wala tusiseme kwamba jambo hili ni la matajiri. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kisiwa cha Sri Lanka si nchi ya matajiri. Mwaka 1958 Hudson Silva, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, aliandika makala gazetini akiwaomba wananchi wenzake watoe macho yao baada ya kufa. Mama yake alipofariki, macho yake yalitumika. Mwaka 1961 chama cha kutoa macho kikaanzishwa, na mwaka 1964 vioo vya kwanza vilipelekwa ng'ambo, Singapore, vikiwa vimewekwa na barafu katika chupa ya chai. Tangu hapo kisiwa hicho kimewapa nuru watu wa nchi nyingi. Karibu nasi, Waethiopia wana benki yao ya macho tangu mwaka 2003. Mlango huu, basi, haukufungwa kwa nchi maskini.

Kanisa lasemaje? Tarehe 28 Februari 1956 alifariki Milano padre mmoja wa Italia, Carlo Gnocchi, aliyekuwa kasisi wa askari katika vita kuu ya pili, na baada ya vita akawa baba wa watoto walioumizwa na mabomu na walemavu. Kitandani pa kufa aliomba vioo vya macho yake wapewe watoto wawili vipofu. Wakati ule nchi yake haikuwa bado na sheria ya jambo hilo. Sheria ilitungwa mwaka uliofuata. Watoto wale wawili waliona. Tarehe 25 Oktoba 2009 Kanisa lilimtangaza Padre huyo kuwa Mwenye Heri.

Miezi michache baada ya kifo chake, tarehe 14 Mei 1956, Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili alisema na chama cha watoa konea na madaktari wa macho wa Italia. Alifundisha kwamba kuondoa kioo cha jicho cha marehemu ili kumponya kipofu si dhambi, wala si kuvunja heshima ya wafu. Lakini aliongeza maonyo: maiti isitendewe kama kitu tu au kama mnyama, huzuni ya jamaa iheshimiwe, watu wafundishwe kwa upole, wala asishurutishwe mtu. Juu ya malipo alionya kwamba madhara makubwa yaweza kutokea, akamsifu atoaye bila kutaka ujira. Katekisimu ya Kanisa imeyathibitisha mafundisho hayo, ikiita kutoa viungo baada ya kifo tendo bora lenye mastahili, mradi idhini ipo.

Wako wazee wetu waulizao kwa unyofu: Siku ya ufufuo nitaamkaje, nisipozikwa na macho yangu? Swali hili si la kuchekwa. Tunawajibu kwa imani ya Mitume: twasadiki ufufuko wa miili. Mungu aliyetuumba kwa mavumbi hashindwi kutuinua katika mavumbi. Mtakatifu Agostino aliwajibu Wakristu wa zamani zake, waliohuzunika kwa ajili ya wafiadini walioliwa na wanyama na waliokosa kaburi, kwamba hakuna kilichopotea mbele ya Muumba. Nasi tu watu wa pwani. Meli ya Spice Islander ilipozama tarehe 10 Septemba 2011, wengi hawakuonekana tena. Nani kati yetu athubutu kusema kwamba bahari itamzuia Mungu? Ikiwa jicho lililoliwa na chumvi litafufuka, jicho lililotolewa kwa mapendo litakosaje? Kaburini kioo hiki huoza katika siku chache. Hatuibii ufufuo kitu chochote. Twanyang'anya uozo tu.

Wako pia wenye hofu nyingine, nayo tusiidharau. Katika nchi zetu babu zetu walisimuliana habari za mumiani. Na katika siku zetu wenyewe watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, dhambi inayolia mbinguni. Mtu aliyeyasikia hayo, akiambiwa habari za kutoa macho, atashtuka kwa haki. Kwa hiyo twasema wazi: kile tunachokisifu ni kinyume cha uovu ule kabisa. Ule hufanywa kwa siri, huu hufanywa mbele ya jamaa na kwa maandishi. Ule huua aliye hai, huu hungoja Mungu amwite mja wake kwa saa yake. Ule huuza, huu hutoa bure. Mahali ambapo moja la mambo hayo limekosekana, Mkristu akatae. Kenya ilitunga sheria ya tishu za wafu mwaka 1966, Uganda ilitunga sheria ya kutoa na kupandikiza viungo mwaka 2023. Nasi twawaomba wenye mamlaka, bara na visiwani, wahakikishe kwamba sheria na utaratibu wa jambo hili vinafahamika kwa kila raia, hasa maskini, ambaye ndiye wa kwanza kuibiwa.

Huko Fumba, na katika Unguja yote, Wakristu ni wachache kati ya ndugu Waislamu. Mapadre na masista wa kwanza waliofika Unguja Desemba 1860 walianza kazi yao kwa kufungua hospitali na karakana, na ndivyo Injili ilivyoonekana kabla ya kusikika. Kioo cha jicho hakina dini. Kitakaa katika jicho la Juma sawasawa na katika jicho la Yosefu. Juu ya mafundisho ya dini yao, ndugu zetu watawauliza masheikh wao. Sisi twajua tu kwamba wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, walipokutana Jeddah mwaka 1988, waliruhusu jambo hili kwa masharti, mojawapo likiwa idhini ya marehemu au warithi wake. Hapa, basi, majirani waweza kukutana.

Inabaki sasa kazi ya kila jamaa. Tuseme mzee mmoja Mkristu wa Fumba amefariki jioni. Kutoka Fumba hadi hospitali ya Mnazi Mmoja si safari ya siku nzima. Barabara ipo na gari lipo. Kinachokosekana ni neno. Mjane analia, watoto wako bara, simu zinapigwa huku na huku, na hakuna athubutuye kusema, kwa sababu marehemu hakusema. Saa 12 zinapita katika kuulizana. Hata siku ambayo vyombo vyote na wataalamu wote watakuwa karibu na kila kijiji, neno hilo halitasemwa na chombo. Litasemwa na baba mezani, akiwa mzima, mbele ya mkewe na watoto wake.

Kwa hiyo twawashauri wazazi Wakristu mambo matatu. Kwanza, mzungumze nyumbani mwezi huu, mkirudi makaburini; kila mtu mzima aseme apendalo, na anayekataa asilaumiwe, kwa kuwa zawadi ya kushurutishwa si zawadi. Mzee asijione hafai kwa sababu avaa miwani au ana mtoto wa jicho. Kioo chake chaweza kuwa safi bado. Pili, anayependa aandike kwa mkono wake, amwonyeshe padre wake na mkubwa wa jamaa, na amwulize daktari wa macho wa hospitali iliyo karibu naye ni utaratibu gani uliopo. Tatu, mtunze macho mliyo nayo: watoto wapewe chanjo ya surua na mboga za majani na maembe, nyuso zioshwe, mafundi wavae miwani ya kazi, maana kioo kilichookolewa na maji hakihitaji kioo cha marehemu.

Na katika rozari ya mwezi huu tuongeze Salamu Maria moja kwa ajili ya marehemu wasiojulikana wa nchi za mbali, ambao kwa macho yao watu wetu wanaona leo. Hatujui majina yao wala makaburi yao, Mungu anawajua. Ee Bwana Yesu, uliyemfungua macho yule aliyezaliwa kipofu, uwajalie hao mwanga wa milele, nasi utufundishe kutoa tungali hai, ili saa yetu ikifika mkono wetu usikutwe umefumbwa. Amina.